Huntha, hanithi, shoga: namna ya kutofautisha maneno ya jinsia yanayochanganywa

Mwaka juzi nilikuwa Mariakani, Pwani ya Kenya, nikifundisha wahudumu wa afya ya jamii, watu 23, wengi wao vijana. Katikati ya somo akaingia mkunga mwenzangu, tuliyesoma naye chuo kimoja na kula sahani moja miaka mitatu. Nikasimama kwa furaha: "Shoga! Umefika?" Akacheka, tukakumbatiana. Nilipogeuka nikaona vijana wawili waliotoka bara wanatazamana. Mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu zote: "Mama, samahani, mbona unamtukana rafiki yako?"

Sisi tuliolelewa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, shoga ni mwanamke mwenzako wa siri, wa kukopeshana leso na kulia naye msibani. Bibi yangu alikuwa na shoga zake, na mama yangu alikuwa na wake. Neno lile likahama, akaitwa hivyo mwanamume mwenye mwendo na sauti ya kike, kisha mwanamume yeyote anayependa wanaume wenzake. Sasa nasikia redioni likibandikwa kila mtu ambaye mtangazaji hajui amweke wapi, hata mtoto mchanga aliyezaliwa na maumbile yasiyosomeka kwa urahisi. Watu wanne wasiofanana kabisa wamevalishwa neno moja.

Nimekuwa mkunga na muuguzi zaidi ya miaka 27 hapa Pwani, na nimeona neno baya likimfukuza mama hospitalini. Kwa hiyo siku ile Mariakani nilifuta ubaoni nilichokuwa nimeandika, nikaandika maswali manne. Ndiyo ninayokuandikia hapa.

Maswali manne, kila moja na jibu lake

La kwanza ni la mwili: mtu huyu amezaliwa na maumbile gani? La pili ni la nafsi: yeye mwenyewe anajijua kuwa nani, mwanamume, mwanamke, au si mmoja wa hao wawili? La tatu ni la mwonekano: anavaaje, anasukaje, anatembeaje, anaongeaje? La nne ni la mapenzi: moyo wake unavutwa na nani?

Ukishika haya manne umeshika kazi kubwa. Kabla hujatamka neno lolote juu ya mtu, jiulize neno hilo linajibu swali lipi. Likiwa linajibu mawili au matatu kwa pamoja, liweke chini utafute jingine. Na jibu la swali moja halikupi jibu la swali jingine. Ukimwona mwanamume amevaa hereni umepata jibu la swali la tatu tu. Hujaambiwa lolote juu ya mwili wake, nafsi yake wala anayempenda.

Jinsi na jinsia

Mkanganyiko wa kwanza uko ndani ya lugha yetu wenyewe. Walimu wa masuala haya Tanzania wamezoea kutenganisha: *jinsi* ni maumbile ya mwili, *jinsia* ni yale ambayo jamii inayapanga juu ya maumbile hayo. Kenya tumezoea kusema jinsia kwa yote mawili, na fomu zetu zinauliza "jinsia" huku zikitaka kujua mwili.

Mimi huwapima wanafunzi wangu kwa sentensi mbili. "Wanawake huzaa." Hiyo ni jinsi, inahusu kizazi. "Wanawake huchota maji." Hiyo ni jinsia. Hakuna kiungo cha mwili kinachomlazimu mtu kubeba mtungi. Wazee walipanga hivyo, na pengine wenginewe wakapanga vingine. Mtu akishaiona tofauti hiyo, maswali mengine humfungukia.

Neno *jinsi* lina kazi nyingine, kama katika "jinsi ya kupika", na msikilizaji anaweza kupotea. Ukiwa na wasiwasi sema "maumbile ya mwili". Ni refu kidogo, lakini hakuna atakayekuelewa vibaya.

Swali la mwili: huntha

Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya mwili yasiyoangukia wazi upande wa kike au wa kiume. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi.

Ilikuwa 1994, nikiwa mkunga mpya. Alizaliwa mtoto usiku, akalia vizuri, na nilipomtazama sikuweza kusema ni wa kike au wa kiume. Nilikuwa nimesoma habari hizo ukurasa mmoja tu chuoni. Bibi ya mtoto alikuwa mlangoni, akauliza, "Tumepata nini, sista?" Nikamjibu mbele ya watu watatu: "Huyu ni huntha." Nilidhani nimetumia neno la heshima, la kitabuni. Yeye alisikia *hanithi*, ambalo ni tusi. Alfajiri walikuwa wameondoka na mtoto wao, wamemfunga kwenye leso mbili. Wiki ya pili nilipata habari kwamba alitapika siku tatu, akakauka, akafa. Walimficha ndani kwa sababu ya fedheha, na hakuna aliyemrudisha kwetu.

Leo najua nini huenda kilimpata. Kuna hali ambapo tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni zinazotakiwa, hasa zile zinazozuia chumvi isipotee mwilini, na badala yake zinatoa homoni za kiume kwa wingi. Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na kinembe kikubwa kinachofanana na uume. Hilo halimuui. Kinachomuua ni chumvi inayopotea, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya tatu: kutapika, kulegea, kukauka maji. Dawa zipo, ni za homoni anazokosa, na mtoto hukua kama wenziwe. Wavulana wenye hali hiyo hiyo huonekana wa kawaida kabisa wanapozaliwa, ndiyo maana nao hupotea bila mtu kujua sababu. Basi mhudumu ukikutana na mtoto ambaye maumbile yake hayasomeki, kwanza hakikisha amefikishwa kwa daktari wa watoto siku hiyo hiyo na homoni na chumvi ya damu zimepimwa. Mambo ya neno la kumwita yanaweza kungoja.

Sasa tulitazame hilo neno. *Huntha* linatokana na Kiarabu, *khuntha*. *Hanithi* limetoka mzizi huo huo, wenye maana ya kulegea na kujipinda. Lakini ni maneno mawili. Huntha anajibu swali la mwili. Hanithi kwetu ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, na mitaani limegeuka tusi la mwanamume anayedhaniwa kulala na wanaume. Undugu wa sauti umewaponza watu wengi wasio na hatia.

Na wanazuoni wa Kiislamu hawakuchanganya. Katika elimu ya mirathi kuna mlango mzima wa huntha. Maana fungu la mtoto wa kiume ni sawa na mafungu mawili ya mtoto wa kike, iliwabidi waulize: huyu je? Walitazama alama za mwili, mkojo unatokea wapi, kisha alama za kubaleghe. Aliyeendelea kutatiza wakamwita *mushkil*, na kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, anapewa lile fungu la yakini na kinachobishaniwa kinazuiliwa mpaka jambo litakapobainika. Wana pia neno jingine kabisa, *mukhannath*, kwa mwanamume mwenye mwendo na sauti ya kike, yaani swali la tatu. Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo ya Shafi, akaenda mbali zaidi akasema aliyeumbwa hivyo bila kujifanya hana lawama. Hawa waliishi karne nyingi kabla yetu na walijua kuwa mwili ni jambo moja na mwenendo ni jambo jingine. Mtu akiniambia kutofautisha huku ni mambo ya kigeni, namwelekeza kwenye vitabu hivyo.

Maneno mengine utakayoyasikia ni *intaseksi*, *jinsi tata* na *jinsia mbili*. Intaseksi na jinsi tata ninayakubali. *Jinsia mbili* nakusihi uliache, ingawa magazeti yanalipenda. Linamfanya msikilizaji afikirie mtu mwenye viungo kamili vya aina zote mbili, vyote vikifanya kazi, na sivyo. Huntha ni jina la hali nyingi tofauti. Kuna msichana aliyefika miaka 17 bila kuvunja ungo, akaenda kupimwa, ikaonekana kromosomu zake ni XY, kama za wanaume, ila mwili wake hausikii homoni ya kiume; kwa macho hakuna lolote ungeligundua. Kuna mtoto aliyelelewa msichana kisha akaota ndevu na sauti ikavunjika alipofika umri wa kubaleghe, na kijiji kikasema amerogwa. Hakurogwa. Mwili wake ulikosa kimeng'enya kimoja, kinachoandaa homoni ya kiume, akiwa tumboni, na homoni za ujana zikafanya baadaye kazi iliyokuwa ifanyike mapema.

Kenya tumepiga hatua katika hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mtoto aliyetajwa kwa herufi A tu, ambaye hati zake za hospitali ziliandikwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Alama ya kuuliza! Mahakama iliiamuru serikali ieleze ni nani atakayewahesabu na kuwalinda watoto hawa. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: 1,524. Kwa yale niliyoyaona wodini naamini wengi zaidi walifichwa na jamaa zao karani alipobisha hodi. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, inayomtaja mtoto huntha waziwazi na kukataza viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Mama akiniambia daktari fulani anataka kumkata mwanawe wiki hii ili "aonekane vizuri", namwambia aulize kwanza: kuna hatari gani kwa afya tukingoja? Ikiwa hakuna hatari, ana haki ya kungoja.

Swali la nafsi: transjenda

Transjenda ni mtu ambaye anavyojijua moyoni hakulingani na kile mkunga alichotangaza alipozaliwa. Mwili wake kwa kawaida hauna utata wowote. Hapo ndipo anapotofautiana na huntha. Huntha wengi wanajijua wazi kuwa wanawake au wanaume, hawajabadilisha kitu, na wanaumia wakiitwa waliobadili jinsia. Na transjenda wengi wakipimwa kromosomu na homoni hakuna daktari atakayeona lolote lisilo la kawaida. Wapo pia wanaosema wao si mwanamume wala mwanamke. Hilo nalo ni jibu la swali la pili, usilipeleke kwenye la kwanza.

Kosa la kawaida ni kusema "mtu aliyebadili jinsia". Sentensi hiyo inaingiza kisu cha upasuaji mahali ambapo pengine hakikuwahi kupita. Kuna transjenda waliofanyiwa upasuaji, wanaomeza homoni tu, na wasiofanya hata kimoja kwa sababu ya pesa, afya au hiari yao. Sema "mwanamke transjenda" kwa yule aliyeandikwa wa kiume akizaliwa na anajijua mwanamke. "Mwanamume transjenda" kwa kinyume chake. Wengi hugeuza hapa. Neno la mwanzo linafuata anavyojijua, haliifuati hati ya kuzaliwa.

Audrey Mbugua, mwanamke transjenda wa Kenya, ndiye aliyewafundisha Wakenya wengi neno hili. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na jina la kiume, na kila alipoomba kazi aliulizwa cheti hiki cha nani. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliagiza baraza la mitihani libadilishe jina lile na kutoa cheti kisicho na alama ya jinsia. Tazama vizuri: hiyo kesi na ile ya mtoto A ziliamuliwa mwaka mmoja, zote zinahusu karatasi na kisanduku cha jinsia, na watu huzisimulia kama moja. Moja ni ya mwili, moja ni ya nafsi.

Je, ni ugonjwa wa akili? Wahudumu wangu huliuliza hili kila mara, na naheshimu wanaouliza waziwazi. Shirika la Afya Duniani liliuondoa utransjenda katika sura ya magonjwa ya akili, likauweka katika sura ya afya ya kujamiiana, kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za afya iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Hawakuufuta kabisa kwenye orodha, ili wanaohitaji huduma waipate.

Swali la mwonekano

Hapa si pagumu, ila macho hutudanganya. Morani wa Kimaasai hufuga nywele ndefu, akazisuka na kuzipaka udongo mwekundu, huku wanawake wao wakinyoa vichwa. Mgeni asiyejua atawageuza. Wazee wetu wa pwani hutia wanja siku ya Idi na kujifukiza udi mpaka nguo zinukie, na kikoi ni kitambaa cha kujifunga kiunoni ambacho mgeni anaweza kukiita sketi. Mwonekano ni lugha ya mahali na wakati, hauna mizizi mwilini.

*Jikedume* ni neno la swali la tatu: mwanamke shupavu, mwenye nguvu na tabia zinazohesabiwa za kiume. Wengine hulichukua kama sifa, wengine kama tusi. Usilitumie kueleza anampenda nani. Nimemwona fundi wa mashua mwanamke, suruali na msumeno, ana mume na watoto watano. Na mwanamume anayevaa gauni jukwaani kuchekesha watu, akimaliza akavaa suruali yake akarudi kwa mkewe, si transjenda. Amebadili mavazi kwa ajili ya kazi.

Swali la mapenzi

Hapa nitapita haraka kwa sababu maneno mengi ya mitaani ni matusi na nisingependa kuyapanga. Msenge, basha, msagaji: yote yanamtaja mtu kwa tendo la chumbani, na mtu si tendo. Sema "mwanamume anayependa wanaume", "mwanamke anayependa wanawake". Na kumbuka transjenda naye ana jibu lake la swali hili. Kujijua mwanamke hakusemi utampenda nani.

Jaribu kwa mfano ambao wote mnaujua

Rio 2016, fainali ya mita 800 ya wanawake: wa kwanza Caster Semenya wa Afrika Kusini, wa pili Francine Niyonsaba wa Burundi, wa tatu Margaret Wambui wa Kenya. Baadaye wote watatu waliguswa na kanuni za riadha kuhusu kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume. Mpaka leo nasikia vibaraza vya kahawa vikisema Semenya ni "mwanamume aliyebadili jinsia". Weka maswali manne. Mwili: kanuni zilizomgusa ni za wanariadha waliozaliwa na maumbile yenye tofauti. Nafsi: alizaliwa akaandikwa msichana, akalelewa msichana, anajijua mwanamke. Hakuna alichobadilisha. Anayedhani amebadili jinsia amejibu swali la pili kwa kulitazama la tatu. Wakati huo shirikisho la riadha lenyewe lilizipanga kanuni za wanariadha hawa mbali na zile za transjenda. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kama kanuni zile ni za haki au la, lakini abishane juu ya jambo lenyewe. Niyonsaba alieleza hali yake mwenyewe hadharani 2019, akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 kule Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000.

Ukishajua, utasemaje?

Kiswahili kimetupa zawadi: *yeye*. "Amekuja, anakungoja, umpe dawa yake." Hakuna mahali pa kukosea. Mitego yetu iko kwingine. Bwana na Bi, kaka na dada, baba na mama. Na *kuoa* na *kuolewa*, ambalo linakulazimisha kutangaza jinsia ya mtu hata kama hukutaka, ukijaza fomu uliza tu, "Uko katika ndoa?"

Kwenye benchi la kliniki usiite "Bwana fulani!" kwa kusoma kadi. Nimeona mwanamke mzima akiitwa bwana mbele ya watu arobaini, akainuka, akatoka na hakurudi kuchukua dawa zake za presha. Ita jina la ukoo au nambari. Ukiwa naye peke yake muulize, "Ungependa nikuiteje?" Swali hilo halijawahi kunigombanisha na mtu. Ukikosea, sema "samahani", rekebisha, endelea na kazi. Ukianza kujieleza dakika tano, yeye ndiye atalazimika kukutuliza wewe.

Na usiulize viungo vya mtu kama huvitibu. Mgonjwa amekuja na malaria, tibu malaria.

Chumba cha uzazi

Tangu 1994 nimekutana na watoto wengine wanne wa aina ile. Sasa mlangoni nasema hivi: "Hongera, mama yu salama, mtoto analia vizuri, ana kilo tatu na robo." Wakiuliza ni wa kike au wa kiume, namwendea mama kwanza, yeye na mwenziwe tu akiwepo, nakaa kitandani, namfungulia mtoto aone mwenyewe. Namwambia: "Mwanangu, viungo vya nje havijamaliza kujionyesha. Hutokea, na daktari atapima damu leo ili tujue. Hukufanya kosa lolote." Neno huntha silitaji siku hiyo. Fomu ya taarifa ya kuzaliwa naiacha mpaka majibu yatoke, na wakunga wadogo nawakataza kubahatisha kwa kalamu.

Jamaa watataka jina. Nawaambia kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, kuna nafasi, na majina yasiyochagua yapo tele: Nuru, Riziki, Imani, Baraka. Yule wa mwisho, aliyezaliwa miaka sita iliyopita, mama yake alichagua Amani. Kila shule zinapofunga hunipigia simu, na Amani hunisomea hadithi, polepole, neno kwa neno.